Magitaa mawili na chupa ya Fanta

Eti bendi yenu haianzi kwa sababu hamna pesa za kinanda? Basi sikiza Abana ba Nasery. Vijana watatu wa Bunyore, enzi hizo ikiwa bado wilaya ya Kakamega: Shem Tube na Justo Osala kwa magitaa, Enos Okola akigonga chupa ya Fanta. Ndiyo, chupa, ile ya vimatuta. Walianza miaka ya 1960 na omutibo, mtindo wa George Mukabi wa Kisa. Miaka kama 30 baadaye wakarekodi London na wanamuziki wa huko, albamu ikatoka 1992. Watatu walewale! Lakini hapa Kakamega, wikendi, ni DJ gani anawapiga? Muulize babu yako, huenda anawaimba wimbo mzima.