Mchoyo, bahili na mbinafsi si mtu mmoja

Wadau, siku hizi mtu akikunyima kitu kidogo tu utasikia: "Achana naye, yuko selfish huyo." Kwa Kiswahili tunasema mbinafsi. Sawa, ila hapa Bagamoyo neno hilo tunamrushia kila mtu, na mwenye kosa kubwa anapona. Hebu tuyatenganishe.

Mchoyo anacho na hataki kutoa. Karudi na samaki ndoo nzima, jirani akiomba kitoweo anaambiwa bahari imechafuka leo. Bahili shida yake ni hela, haimtoki. Hata yeye mwenyewe analala njaa huku anazo. Mbinafsi ni mwingine kabisa: anajitazama yeye tu, wengine wakiumia shauri yao.

Mzizi wake ni nafsi, neno lililotoka kwenye Kiarabu. Na "binafsi" peke yake wala si tusi: mimi binafsi, gari binafsi, shule binafsi. Ukiweka u- mbele ndipo inakuwa tabia mbaya. Ndiyo maana mashirika ya umma yalipouzwa miaka ya 1990 na kazi hiyo ikaitwa ubinafsishaji, haikuwa vigumu kusikia ubinafsi humo ndani.

Mfano wa mbinafsi hasa ni mvuvi wa baruti. Sheria ilikataza uvuvi huo mwaka 1970, lakini pwani yetu iliendelea kulipuliwa miaka mingi baadaye. Bomu moja linaua samaki wakubwa kwa wadogo, linavunja na matumbawe wanamozaliana. Sasa huyo jamaa akifika ufukweni anaweza kugawa kitoweo kwa kila mtu, watu wakamsifu ana mkono wazi. Mchoyo? Hapana. Lakini kala kesho ya wenzake wote.

Halafu kuna kijana kapata mshahara wa kwanza, ana kodi ya chumba na mdogo wake yuko shule. Akisema "jamani, leo sina", anaitwa mbinafsi. Mimi mwenyewe nimeitwa hivyo kwa kukataa kukopesha nauli yangu ya kwendea usaili Dar. Hapo tunaoneana.

Kwa hiyo kabla hujamwita mtu mbinafsi, jiulize: kaninyima chake, au kachukua chetu? Kama ni chake, labda mchoyo, labda hana kweli. Kama ni chetu, huyo ndiye, hata kama jana alikununulia soda.

Nawakilisha.