Msafiri na Chakula cha Miji: Ale Nini, na Ale Wapi?



Kijana mmoja aliyesoma katika chuo chetu hapa Genkuru, mkoani Mara, alipanda basi Tarime kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Baba yake alimpa nauli na fedha ya chakula, nasi tukampa wasia kama ilivyo desturi ya walimu: asiache sala, asikae na walevi, asile haramu. Wasia huo aliushika barabara. Njia nzima hakutia kinywani ila biskuti na soda. Alipofika mjini akapanga chumba, na kwa siku tisa chakula chake kilikuwa mkate mkavu na chai, kwa sababu kila alipoitazama hoteli hakujua mpishi ni nani, nyama imechinjwa na nani, wala mafuta yale jana yalikaangia kitu gani. Siku ya kumi miguu ilimwisha nguvu mlangoni mwa msikiti. Mzee mmoja muuza kahawa alimwinua, akampeleka hatua chache tu kutoka hapo, akamketisha mbele ya sahani ya wali wa nazi na samaki. Kijana alikuwa amepita mbele ya mlango ule kila siku.

Aliporudi likizo alitusimulia habari hiyo huku akicheka. Sisi hatukucheka, kwani kosa lilikuwa letu. Tulimfundisha kukataa, wala hatukumfundisha kuuliza. Mtoto anayetoka mahali ambapo Waislamu ni wachache, akatiwa hofu bila ya maarifa, ana njia mbili mbele yake: ama atashinda na njaa, ama atachoka na njaa hiyo na siku moja ale cho chote apewacho bila ya kujali. Tumewaona wa namna zote mbili. Ndiyo maana tumeona yapasa kuandika maneno haya, ili wazazi wayasome na vijana wao kabla mkoba haujafungwa.

Kwanza tuseme juu ya nyumbani, maana aliyezoea kupambanua kwao hapotei ugenini. Sisi tunaishi na jirani zetu Wakurya kwa wema, nao wana chakula chao mashuhuri kiitwacho kichuri, yaani nyama iliyopikwa kwa majimaji ya utumbo na nyongo. Wengi husafiri mbali kukifuata. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafii, kilichomo tumboni mwa mnyama ni najisi, hata akiwa mnyama mwenyewe ni wa halali na amechinjwa sawasawa. Basi sisi hukiacha kichuri, tukala ugali wa mtama au wa muhogo pamoja na maziwa ya mgando katika sahani za jirani hao hao, wala urafiki haukupungua. Jambo hilo ni funzo la safari nzima: katika kila mji kuna chakula cha kuacha na kuna chakula cha kula, nacho cha kula ndicho kingi zaidi.

Kwetu sisi wa Mara, mlango wa safari ni ziwa. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia kilichomo majini, kama ilivyo katika Sura Al-Maida, aya ya 96, na samaki hahitaji kuchinjwa. Kwa hiyo msafiri asiye na uhakika na nyama aanze na samaki. Musoma, teremka mpaka Mwigobero penye mwalo. Mwanza, nenda upande wa Kirumba, kwenye soko la Mwaloni, ambako dagaa wa ziwa huuzwa kwa magunia. Sato wa kuchemsha kwa nyanya na vitunguu, pamoja na ugali wa moto, ni chakula cha watu wa ziwa, nao hukila hasa penye wavuvi na wachuuzi. Wazee watakuambia kwamba zamani walikula zaidi ningu na furu, na kwamba sangara ni mgeni, kwani aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, akazidi sana katika miaka ya 1980, na samaki wengi wadogo wakapungua. Uliza habari hizo unapokula, maana chakula kikiliwa pamoja na historia yake hubaki katika kumbukumbu.

Lakini hata kwa samaki fungua macho. Uliza mafuta. Ziko hoteli ambazo karai moja hukaanga samaki mchana na kitimoto jioni. Sisi wenyewe, katika ujana wetu, tulikula samaki katika kituo kimoja cha mabasi, ambacho hatutakitaja, na tulipokwenda kunawa tukaona nyuma ya jiko jambo lililotufanya tusimalize safari kwa raha. Hatukumgombeza mtu. Mwenye hoteli hakutudanganya, ila sisi hatukuuliza.

Na kuuliza kuna adabu yake. Mwaka 2013, huko Buseresere, mkoani Geita, ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja ulifika mpaka kuuana. Muislamu na akumbuke aibu hiyo kabla hajapaza sauti hotelini. Sema kwa upole: “Mama, samahani, mimi ni Muislamu. Hapa mna kitu gani ninachoweza kula?” Mara nyingi mama lishe, hata kama si Muislamu, atakuambia kweli, tena atakuonyesha jirani yake anayekufaa. Ukijibiwa kwa wasiwasi, shukuru, ununue chai, uende zako. Na palipo na Waislamu usichunguze kupita kiasi. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba watu walimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya nyama iliyoletwa na watu waliosilimu karibuni, ambao haikujulikana kama wametaja jina la Mungu juu yake; naye akawaamrisha walitaje wao wenyewe, wale. Dini haikuja kuwatesa watu.

Tuendelee na njia. Anayetoka Mwanza kwa reli kupitia Tabora anaweza kufika Kigoma, na karibu yake uko mji wa Ujiji, ambao ni mji wa kale wa Waislamu. Wengi wanaujua kwa sababu Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871, lakini sisi twapenda mujue kwa sababu ya mezani. Ziwa Tanganyika lina dagaa wake wadogo, weupe, wanaovuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu huadimika, na mwezi ukiwa gizani hujaa. Yuko pia mgebuka. Hupikwa kwa mawese, mafuta mekundu ya michikichi ya huko huko, na huliwa kwa ugali wa muhogo. Mgeni asiyezoea mawese ataona ladha nzito siku ya kwanza, lakini siku ya tatu ataomba aongezwe. Uliza mwaloni Kibirizi, au baada ya sala ya adhuhuri katika misikiti ya Ujiji.

Anayevuka kwenda Uganda atakuta Kampala wanakula matoke yaliyofungwa katika majani ya mgomba na kuivishwa kwa mvuke. Heshima ya wageni huko ni luwombo, yaani kuku, au nyama, au mchuzi wa karanga, uliofungwa katika jani lililobabuliwa motoni, na harufu ya jani hilo huingia katika chakula. Husimuliwa kwamba mapishi hayo yalibuniwa na mpishi wa Kabaka Mwanga mwaka 1887. Hapa pana kuku na nyama, basi yapasa kuuliza machinjo. Njia nyepesi ni kupanda kilima cha Old Kampala, uliko msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 2008, au kilima cha Kibuli, ukawaulize waumini wanapokula wao.

Katikati ya Tanzania, Dodoma, Wagogo wana ugali wa uwele na mlenda, mboga telezi ambayo watu wa pwani huicheka mpaka waionje. Mji huo una zabibu tamu, nazo zauzwa njiani kwa vichane. Zile ule kwa wingi, lakini ujue kwamba nyingi katika hizo hutengenezwa mvinyo, basi ukikaribishwa kinywaji cha zabibu, uliza ni maji yake mabichi au ni kile kingine. Singida ni mji wa kuku wa kienyeji. Nao, kama tulivyosema, ni wa kuuliziwa.

Dar es Salaam ndipo alipoanguka kijana wetu, ilhali hakuna mji wa bara ulio mwepesi kwa Muislamu kuliko huo. Asubuhi nenda soko la samaki la Feri, ununue samaki angali na maji ya bahari, uwape wakaangaji waliopo hapo hapo, ule na ndizi au muhogo. Kule Kariakoo na mitaa yake, jioni, wako akina mama wenye wali wa nazi, maharage ya nazi na mchicha. Upande wa Kisutu wako Waislamu wenye asili ya Bara Hindi, wanaochoma mishkaki na kuku kwa viungo vyao. Pweza huuzwa barabarani kwa vipande, na supu yake hunywewa kikombeni. Katika madhehebu yetu hana shaka.

Unguja ni habari nyingine. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa, hujaa wauzaji kila jioni, na kila mgeni hupelekwa hapo. Nenda uone taa na bahari, unywe maji ya miwa. Lakini uliza bei kabla hujanyosha mkono, kwa kuwa huko mgeni hujulikana kwa macho yake. Chakula ambacho wenyeji wanakipenda zaidi ni urojo, mchuzi wa manjano wenye ukali wa ndimu na embe, ndani yake mna viazi, bajia, kachori, mishkaki na chipsi za muhogo. Ule uliokaa vichochoroni mwa Mji Mkongwe, palipo na benchi moja na foleni ya watoto wa skuli, ndio wa kuutafuta. Kwa pilau na biriani na samaki wa nazi, wenyeji na wageni hukutana Mkunazini katika mkahawa wa Lukmaan. Na sokoni Darajani, lililojengwa mwaka 1904, utajionea karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga, ndipo utafahamu kwa nini pilau ya huko hainuki kama ya kwetu.

Mombasa, amka mapema. Mahamri na mbaazi za nazi ni chakula cha asubuhi, nacho hakingoji mtu aliyelala. Jioni, watu hukaa Mama Ngina, mbele ya bahari, wakila mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu na kunywa madafu, na viazi karai vilivyokaangwa katika unga wa dengu huuzwa mitaani Mji wa Kale. Vyakula hivyo havina nyama, na ni rahisi hata kwa mwanafunzi mwenye fedha ya kuhesabu.

Katika Ramadhani, msafiri akumbuke kwamba Unguja hoteli za mchana hufungwa. Lakini jioni hatakosa. Misikitini kuna tende na uji, na mtu akiketi pembeni peke yake, mara nyingi mwenyeji atamshika mkono ampeleke kwake. Huko atakuta magimbi, ndizi na mihogo ya nazi, na tambi, yaani futari yenyewe, ambayo hakuna mkahawa unaoipika kama inavyopikwa nyumbani. Twaamini kwamba chakula hasa cha kila mji kiko hapo, na hakiuzwi. Atakayekipata ni yule aliyesali katika safu moja na wenyeji, akawasalimu, akawaambia: “Mimi ni mgeni, nimetoka Mara.”

Basi, wazazi wenzetu, mtoto akisafiri, msimpe orodha ya haramu peke yake. Mpeni na maneno haya manne: kwanza autafute msikiti, na baada ya sala aulize, pili, akiwa na shaka na nyama, ale samaki, au maharage, au mayai, baada ya kuulizia mafuta, tatu, aulize kwa adabu wala asigombane, nne, ale wanachokula wenyeji, wanapokula wenyeji, ataje jina la Mungu, ashukuru.

Nasi tulio nyumbani tuna deni. Kijana yule sasa anafanya kazi bandarini, na mwaka jana alitujia na rafiki yake wa Kiunguja. Mgeni aliposhuka kwenye gari swali lake la kwanza lilikuwa: “Maalimu, nyinyi huku mwala nini?” Tulifurahi kwa swali lile. Tukamkalisha chini, tukamletea ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na kuku tuliyemchinja wenyewe uani. Kijana wetu ndiye aliyemwelezea habari ya kichuri, kipi na kwa nini, bila ya kumtukana jirani. Hapo tukajua kwamba somo limefika.

Wabillahi tawfiq.