Muuzaji Anapojitwalia Gari Alilouza: Deni au Wizi?

Kumdai mtu pesa za gari si sawa na kulimiliki gari hilo. Nchini Kenya, magari mengi ya mitumba huuzwa baina ya watu binafsi kwa mkataba wa ukurasa mmoja: mnunuzi hutoa arbuni, huondoka na gari, na salio hulipwa kwa awamu huku muuzaji akibaki na logbuku na ufunguo wa pili. Malipo yakikatika, ufunguo huo wa pili ndio unaoweza kumfikisha muuzaji kizimbani.

Swali la kwanza huwa ni la umiliki. Kwa mujibu wa kifungu cha 20 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, mkataba usio na masharti, wa kitu mahususi kilicho tayari kukabidhiwa, humpa mnunuzi umiliki pale unapofungwa, hata kama malipo yameahirishwa. Mambo hubadilika ikiwa mkataba umesema wazi kwamba gari litabaki la muuzaji mpaka shilingi ya mwisho ilipwe. Logbuku peke yake haimalizi ubishi. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki humhesabu aliyesajiliwa kuwa mmiliki mpaka kinyume chake kithibitishwe, na mkataba uliotiwa saini pamoja na jumbe za malipo ya M-Pesa ni ushahidi wa kutosha kuanza kuthibitisha kinyume hicho.

Swali la pili ni la jinai. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinasema kuwa wizi ni kuchukua kitu kwa hila na bila dai la haki. Hila hiyo haiishii kwenye nia ya kumnyima mwenyewe mali yake daima. Kukichukua kitu ili kiwe rehani ya deni nako kumetajwa. Tena sheria haimlindi mmiliki kamili tu, bali pia mmiliki maalumu, yaani mtu mwenye haki inayotokana na kukishikilia kitu hicho.

Chukua mfano wa Probox iliyouzwa kwa Sh600,000, mnunuzi akalipa Sh400,000 kisha akanyamaza miezi miwili. Muuzaji anaifungua usiku kwa ufunguo wa akiba, anaihamishia kwa jamaa yake mji mwingine na kuzima simu. Asubuhi mnunuzi anaripoti kituoni kwamba gari limeibwa. Kauli ya muuzaji kwamba “nililishika tu mpaka anilipe” haimwokoi peke yake, kwani ndiyo rehani inayotajwa na kifungu cha 268.

Utetezi wake mkuu uko katika kifungu cha 8 cha Kanuni hiyo hiyo: hana hatia katika kosa la mali mtu aliyetenda kwa dai la haki analoliamini kwa dhati, bila nia ya kulaghai. Dai hilo si lazima liwe sahihi kisheria. Linalopimwa ni ukweli wa imani yake. Ndiyo maana mwenendo wake huwa na uzito mkubwa. Aliyetoa notisi ya maandishi, akalichukua gari mchana kwa kufuata kipengele cha mkataba na kuwaarifu polisi papo hapo, anaaminika kuliko aliyebadilisha nambari za usajili au kumuuzia gari mtu wa tatu. Utetezi huo ukishaibuliwa, ni juu ya upande wa mashtaka kuuvunja pasipo shaka ya maana.

Adhabu si ndogo: kifungu cha 278A kinaweka hadi miaka saba gerezani kwa wizi wa gari. Kuwapo kwa kesi ya madai kuhusu gari lile lile hakusimamishi ya jinai, kwa mujibu wa kifungu cha 193A cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai. Hata hivyo, Ibara ya 157(11) ya Katiba inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma azuie matumizi mabaya ya sheria, na Mahakama Kuu inaweza kuisimamisha kesi iliyofunguliwa ili kumshinikiza mtu katika mgogoro wa madai.

Njia salama kwa anayedai ni notisi ya maandishi, kisha mahakama. Salio lisilozidi Sh1,000,000 linaweza kudaiwa katika Mahakama ya Madai Madogo. Anayetaka gari lenyewe liwe dhamana hana budi kuliandika hilo mapema: Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Zinazohamishika ya 2017 huruhusu kulichukua gari bila amri ya mahakama pale tu mdaiwa alipokubali hivyo katika mkataba na kupewa notisi. Naye aliyekwisha kushtakiwa atahitaji mkataba, rekodi za malipo na nakala za notisi, kwa kuwa hizo ndizo zitakazoonyesha kama alitenda kwa imani ya haki au kwa hila.