Sauti Iliyo Sawa Ukumbini: Mahali pa Spika za Darini katika Nyumba za Kimulot

Katika vilima vya Kimulot, Kaunti ya Bomet, ambako mashamba ya chai hayako mbali na msitu wa Mau, nyumba wanazojenga siku hizi wakulima wa chai, walimu, na watoto wao walio kazini mijini hazifanani tena na zile za wazee wao. Kwani ukuta uliotenga sebule na mahali pa kulia, na ule uliolificha jiko, zote mbili zimeondolewa, ukabaki ukumbi mmoja mrefu wenye sakafu ya vigae, madirisha mapana ya vioo, na dari ya jipsamu iliyopambwa kwa taa. Humo ndimo wapokelewamo wageni wa koito, yaani sherehe ya uchumba, na humo ndimo redio ya Kass FM au Chamgei FM inamosikilizwa tangu alfajiri. Na humo pia ndimo ionekanamo taksiri ambayo wengi wameizoea hata hawaioni tena kuwa taksiri: spika mbili zimesimamishwa kando ya televisheni, wazee walioketi karibu nazo hawawezi kusemezana, na akina mama walio upande wa jiko, wakishughulika na chai na maziwa ya mursik, hawasikii ila mngurumo usio na maneno.

Sababu yake ni kanuni ya maumbile wala si ubovu wa mitambo. Sauti itokapo katika chombo hutanda pande zote, na kadiri inavyotanda ndivyo nguvu yake inavyogawanyika. Mahali palipo wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6, hivi kwamba aliye mita 8 hupata desibeli 18 pungufu ya aliye mita 1. Ndani ya nyumba upungufu huo huwa mdogo zaidi, maana kuta huirudisha sauti. Walakini ile inayorudishwa hufika imechelewa na kuchanganyika, ikafunika konsonanti ambazo ndizo zibebazo maana ya maneno. Mwenye nyumba huongeza sauti akidhani atawafikia walio mbali, naye huwazidishia walio karibu kwa kiasi kile kile, na tofauti baina yao haipungui hata kidogo. Hakuna aangazaye ukumbi wa mita 9 kwa taa moja kali iliyowekwa pembeni. Sauti nayo inastahili kugawanywa kama tugawavyo mwanga, kwa vyombo vingi vidogo vilivyo karibu na wasikilizaji, kila kimoja kikisema kwa upole.

Nchi hii ina historia ya kusikiliza pamoja. Mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, si mbali na Kimulot, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha, ambao jina lake limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekuwa amekwisha kufariki tangu 1933, na ambaye sauti yake ilifika huku kwa santuri. Katika nyumba ya duara ya zamani, yenye kuta za udongo na paa la nyasi, chombo kimoja kilitosha, kwa kuwa wasikilizaji wote walikizunguka kwa umbali uliokaribiana, na nyasi zile zilimeza sauti badala ya kuirudisha. Ukumbi mrefu wa vigae umeziondoa fadhila hizo mbili kwa mpigo mmoja.

Tuufanyie hesabu ukumbi wenye urefu wa mita 9, upana wa mita 6, na dari iliyo mita 2.7 juu ya sakafu. Sikio la mtu aliyeketi huwa kiasi cha mita 1.2 kutoka chini, kwa hiyo baina yake na dari pana mita 1.5. Spika ya darini inayomwaga sauti kwa pembe ya digrii 90 hufunika, penye kimo cha masikio hayo, duara lenye kipenyo kilicho sawa na umbali huo mara mbili, yaani mita 3. Basi urefu wa mita 9 huchukua spika tatu na upana wa mita 6 huchukua mbili, jumla 6. Za kandoni zikae mita 1.5 kutoka ukutani, na kila moja iwe mita 3 kutoka jirani yake. Dari ikiwa ya chini zaidi, maduara hupungua upana na spika huhitajika nyingi zaidi, jambo ambalo huwashangaza wengi waaminio kwamba chumba kifupi ndicho rahisi.

Pembe hiyo ya digrii 90 yafaa isiaminiwe bila kuulizwa. Sauti nzito ya mizunguko 100 kwa sekunde ina wimbi la mita 3.4, nayo huzunguka vitu na kuenea kila upande. Bali sauti nyembamba ya mizunguko 10,000 ina wimbi la sentimita 3.4 tu, na itokapo katika koni pana husonga mbele kama mwali usiotaka kutanuka. Kwa hiyo spika ya inchi 8 isiyo na twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, katikati yake humpa aliye chini yake sauti kamili, na aliye hatua mbili pembeni humpa besi bila ung'avu. Mnunuzi aulize habari za twita kabla ya kuuliza wati.

Baada ya mahali huja mwangwi. Wallace Clement Sabine, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipoombwa mwaka 1895 kutibu ukumbi wa mihadhara ambamo maneno hayakusikika, aliingiza humo mito ya viti, akapima jinsi sauti inavyofifia, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana kanuni itumikayo hadi leo: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya umezaji wa sauti. Ukumbi wetu una mita za ujazo 146 hivi. Ukiwa mtupu, na umezaji wake ukiwa mita mraba 15, sauti hukawia sekunde 1.6 kabla ya kufifia. Ukitiwa zulia, makochi ya kitambaa na mapazia mazito hata umezaji ukafika 35, hukawia sekunde 0.7, na hapo mazungumzo husikika vema. Wasanifu wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Kericho, lililofunguliwa mwaka 2015, walitandaza vibao vyembamba vya mbao chini ya paa lake refu; mwenye nyumba wa Kimulot hana haja ya gharama hiyo, zulia na mapazia yatamtosha.

Mvua, ambayo hapa aghalabu huja alasiri, hupiga mabati kwa kishindo kisichoshindwa na spika yoyote iliyo na adabu. Dawa yake ni kutandaza blanketi za sufu ya madini juu ya dari kabla haijafungwa, na kila spika ifunikwe kwa sanduku lake nyuma, ili kishindo cha mabati kisishuke kupitia tundu lake, wala sauti yake isipotelee darini na kwenda kuwaamsha walalao vyumbani.

Katika kuunganisha waya ndipo mafundi wengi huharibu kazi njema. Spika 6 za omu 8 zikiunganishwa zote sambamba huleta omu 1.3, mzigo uunguzao amplifaya nyingi. Zikifungwa mbili mbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo tatu zikawekwa sambamba, huleta omu 5.3, na amplifaya iliyotengenezwa kubeba omu 4 huzichukua bila tabu. Nyekundu iende kwa nyekundu kila mahali, maana spika moja ikigeuzwa, koni yake huvuta wakati jirani yake inasukuma, na besi hutoweka baina yao. Tena sauti ya kushoto na ya kulia zichanganywe kuwa moja ndani ya amplifaya penye swichi ya mono, wala si kwa kuzifunga pamoja nyaya zake za kutokea, kwa kuwa ukumbi huu hauna kiti kimoja cha mfalme ambacho pande mbili hukutana mbele yake.

Kazi ikiisha, weka redio kati ya stesheni mbili isikike ile sauti ya kufoka tu, kisha utembee polepole toka televisheni hadi jikoni, kichwa kikiwa kwenye kimo cha aliyeketi. Panapofifia ufokaji huo, au panapopoteza ukali wake, pana kasoro, na kasoro hiyo ni rahisi kuirekebisha wakati fundi wa jipsamu angali na ngazi yake ndani ya nyumba. Kwa hiyo wewe unayejenga, chora mahali pa spika siku ile ile uchorapo mahali pa taa, pitisha nyaya za shaba za milimita mraba 1.5 kabla dari haijafungwa, na upige picha ya kila waya ulipopita. Picha hizo zikabidhi kwa yule atakayekuja kutengeneza baada yako.