Sauti ya Ogani katika Kinanda Chetu

Nieleze jambo nililojifunza kwa aibu, ili ndugu watakaonifuata katika kinanda wasilipate kwa njia ile ile.

Mwaka jana, katika mahafali ya kidato cha nne hapa Ilula, kwaya iliimba wimbo wa kuwashukuru wazazi, ikitaja vijiji vyao kimoja kimoja. Mpigaji nilikuwa mimi. Nilichagua ogani ya kanisa, maana ni nzito na inapendeza, nikakanyaga kanyagio muda wote kama nilivyozoea katika sauti ya piano. Baada ya sherehe mzee mmoja alinijia. "Kamwene, mwanangu. Nimetoka Image alfajiri. Nimengoja kijiji changu kitajwe, nimesikia ngurumo tu." Image ilikuwa imetajwa. Aliyeifunika ni mimi.

Kosa langu lilikuwa hili. Piano ni nyundo na nyuzi: ukipiga kwa nguvu hulia kwa nguvu, kisha sauti hufifia yenyewe hata kama kidole hakijainuka. Ogani ni pumzi. Upepo hupita katika mabomba, na sauti hudumu vile vile mpaka kidole kiondoke. Vinanda vya umeme huiga tabia hiyo. Kwa hiyo katika sauti nyingi za ogani kugonga kwa nguvu hakuongezi kitu, ila kuchosha vidole. Na lile kanyagio la kurefusha sauti, ambalo katika piano ni msaada, katika ogani hushika sauti iliyopita ikachanganyika na inayofuata. Ondoa mguu. Vidole ndivyo viunganishe: kimoja kisiinuke kabla cha pili hakijashuka. Ukitaka kupandisha au kupunguza, tumia kirekebisha sauti kwa mkono.

Tena kuna mwangwi. Kinanda hutia mwangwi wa kanisa kubwa la mawe, na bwalo letu la mabati lina wake tayari. Siku ile niliweka mwangwi juu ya mwangwi. Sasa naupunguza mpaka karibu na sifuri.

Katika mpango wa sauti 128 unaofuatwa na vinanda vingi tangu mwaka 1991, namba 17 mpaka 20 ni ogani. Ya 20 ni ya kanisa, ile iliyoniponza. Ya 17 huiga ogani ya umeme ya Laurens Hammond, iliyotoka Marekani mwaka 1935. Hiyo ilikuwa na vishikio 9 vya kuvuta, na mpigaji alivuta kila kimoja kwa kiasi chake, kama mpishi apimavyo chumvi. Viliandikwa kwa futi, kwa kuwa bomba refu hutoa sauti nene: cha futi 8 ni sauti yenyewe, cha 16 ni oktava moja chini, cha 4 ni oktava moja juu. Kinanda chetu hakina vishikio, lakini huunganisha sauti mbili. Mimi huchukua ya 17, nikaongeza ile ile oktava moja juu, kidogo tu. Husikika bila kupandishwa sana, na maneno hayafunikwi.

Gurudumu la pembeni huitikisa sauti hiyo. Asili yake ni spika ya Don Leslie, yenye pembe inayozunguka ndani ya sanduku. Mwenye kutaka kuelewa na asimame kando ya barabara kuu lori lipite likipiga honi: likija honi ni nyembamba, likishapita ni nene. Pembe ile huja na kwenda hivyo mara nyingi kwa dakika. Wenzangu wa kwaya wanalipenda gurudumu hilo kupita kiasi. Mimi hulitumia mwisho wa ubeti tu.

Mahafali yetu ni mwezi ujao, na wimbo ni ule ule. Image imo katika ubeti wa tatu. Hapo nitainua mikono yote miwili, waimbaji waendelee peke yao.