Joka ndani ya kisanduku: biashara ya sanamu za plastiki inavyoendeshwa kwa bahati

Kisanduku chenyewe ni kidogo, hubebeka kwa mkono mmoja. Ubavuni kumechorwa joka lililotandaza mabawa, na maandishi yanaeleza kwamba ndani mna sanamu nne za plastiki zilizokwisha kupakwa rangi. Ni zipi, hakuna ajuaye: si mnunuzi, si muuza duka. Mpwa wangu mwenye umri wa miaka 12 aliweka akiba ya wiki kadhaa, akanunua viwili. Joka hakulipata. Alipata mifupa inayotembea, askari mwenye upanga uliopinda, na panya mkubwa mara mbili, mmoja katika kila kisanduku, wakifanana kama shilingi kwa ya pili.

"Mjomba," akaniuliza, "hii si kamari?"

Swali hilo linastahili jibu refu kuliko nililompa siku ile. Visanduku vya namna hii vinatoka kwa jirani yetu wa kusini, Marekani, na familia nyingi za wasikilizaji wetu zimekwisha kuviona, ama katika duka la michezo au mikononi mwa watoto wanaorejea kutoka kwa rafiki zao wa shule.

Kwanza, matumizi yake. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha mchezo uitwao Dungeons & Dragons, na makao yake yakawa mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin. Wachezaji huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi, naye hueleza pango, ngome au msitu. Kila mmoja wa wengine hujivika uhusika wa shujaa na kusema atakalotenda, kisha dadu huamua iwapo amefaulu. Kwa wale waliolelewa na hadithi za jioni, jambo hili si geni sana, isipokuwa hapa msikilizaji naye ni mhusika na anaweza kufa kabla hadithi haijaisha. Sanamu huwekwa juu ya ubao wenye miraba ya inchi moja moja ili kila mtu aone nani amesimama wapi, na zimwi liko umbali gani.

Nimezoea kufasiri habari za bunge na bei ya mafuta, na nakiri kwamba neno "sanamu" limenipa taabu. Mwanasesere ni wa kulelewa na kuvishwa nguo. Kinyago kinatukumbusha mpingo na mikono ya mafundi Wamakonde. Vitu hivi si hiki wala kile: vina urefu wa takriban sentimita tatu, vimetengenezwa kwa plastiki laini, na hutoka kiwandani kwa maelfu. Basi tuziite sanamu ndogo na tuendelee.

Uhusiano wa mchezo huu na plastiki ya bei nafuu ulianza kabla hata ya kitabu chake cha kwanza. Gygax alipokuwa akitafuta mazimwi ya kuweka mezani, alinunua dukani mfuko wa wanyama wa plastiki waliotengenezwa Hong Kong, vitu vya watoto vilivyouzwa kwa senti chache. Baadhi yao hawakufanana na kiumbe chochote kinachojulikana duniani. Yeye na wenzake wakawapa majina na tabia. Mmoja akawa kiumbe mwenye kichwa cha bundi na kiwiliwili cha dubu. Mwingine akawa mdudu anayekula chuma kwa kukigeuza kutu. Viumbe hao wangali vitabuni hadi leo, na kampuni huuza sanamu zao kwa bei ambayo ingemshangaza muuza duka yule.

Hata hivyo, kwa miaka mingi sanamu za mchezo huu zilikuwa za metali, aghalabu yenye risasi ndani yake, na ziliuzwa bila rangi. Mnunuzi ndiye aliyekaa usiku na brashi nyembamba akipaka macho, mishipi na vito vya panga. Wapo waliopenda kazi hiyo kuliko mchezo wenyewe. Wengi hawakuwa na mkono wala muda, na majeshi yao yaliingia vitani yakiwa na rangi ya kijivu.

Mwaka 2000 Jordan Weisman alianzisha kampuni ya WizKids katika jimbo la Washington, na ikatoa mchezo uitwao Mage Knight. Sanamu zake zilikuwa za plastiki, zimekwisha kupakwa rangi, na kila moja ilisimama juu ya kitako kinachozungushwa: shujaa akijeruhiwa, kitako huzungushwa na namba mpya huonyesha nguvu zilizobaki. Hilo lilikuwa wazo la ufundi. Wazo la biashara lilikopwa kwenye kadi za kukusanya, nalo ni kuuza pakiti iliyofungwa, ambamo baadhi ya vilivyomo ni vya kawaida na vingine ni adimu. Mwaka 2003 kampuni ya Wizards of the Coast, ambayo tayari ilikuwa mali ya Hasbro, ilifuata njia hiyo hiyo kwa Dungeons & Dragons. Toleo la kwanza lilikuwa na sanamu 80 tofauti. Kisanduku cha nyongeza kilikuwa na nane, kwa takriban dola 10.

Tuifanye hesabu, maana hapo ndipo penye jibu la mpwa wangu. Tuchukulie kwamba toleo lina sanamu adimu 20, kila kisanduku kina moja, na zote zimechanganywa kwa bahati tupu. Mtoto anayetaka joka moja mahususi akinunua visanduku 20, mtu angedhani kwamba hawezi kulikosa. La. Uwezekano wa kulikosa ungali zaidi ya theluthi moja, yapata asilimia 36. Akitaka kuzikusanya zote 20, wastani wa visanduku atakavyohitaji ni 72. Kwa bei ya mwaka ule, hizo ni dola 720, na nyumbani kwake kutakuwa na panya wa kutosha kujaza ghala.

Yumkini utauliza kwa nini kampuni haziuzi tu kila sanamu mbele ya macho ya mnunuzi. Ulafi ni sehemu ya jibu, lakini si jibu zima, na hapa inatubidi tuingie kiwandani.

Msanii huchonga mfano wa kwanza, zamani kwa mikono na siku hizi aghalabu kwa kompyuta. Kutokana na mfano huo hutengenezwa kalibu ya chuma, na kalibu ni ghali mno kabla sanamu hata moja haijauzwa. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani, vipande hugandishwa pamoja, kisha hufuata rangi. Mashine hazijaweza kuifanya kazi hii peke yake. Katika viwanda vya China, mfanyakazi huweka kifuniko chenye tundu juu ya sanamu na kupuliza rangi ya joho. Mwenzake hupaka nywele kwa brashi. Mwingine hugonga muhuri laini unaoacha alama ya jicho. Kila hatua ni mkono wa mtu, na kila mkono una ujira wake. Ndiyo maana panya huwa na rangi mbili tatu, ilhali joka lina nyingi. Panya na joka wakiuzwa katika kisanduku kimoja kwa bei moja, panya humlipia joka. Na kwa kuwa hakuna anayejua kilichomo, muuza duka habaki na rafu iliyojaa sanamu zisizopendwa na mtu.

Mpango huo ulisimama juu ya nguzo moja, nayo ni ujira mdogo wa yule mwenye brashi. Nguzo ikaanza kutikisika. Mishahara katika viwanda vya China ilipanda mwaka hadi mwaka. Sarafu ya yuan, iliyokuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya nane kwa dola moja hadi katikati ya 2005, ilikuwa imefikia takriban 6.6 mwanzoni mwa 2011. Kwa mfanyakazi, hiyo ilikuwa habari njema, na sioni sababu ya kuihuzunikia. Kwa mnunuzi, sanamu zilipungua ndani ya kisanduku huku bei ikipanda. Wizards ilijaribu mwaka 2009 kuuza mashujaa katika pakiti zinazoonekana na kuacha bahati kwa upande wa mazimwi. Haikutosha, Januari 2011 ilitangaza kwamba inaachana na mfululizo huo. WizKids nayo ilikuwa imenunuliwa na kampuni ya Topps mwaka 2003, ikafungwa Novemba 2008, kisha ikafufuliwa mwaka uliofuata chini ya mmiliki mpya, NECA. Tangu 2014 ndiyo inayotengeneza sanamu za Dungeons & Dragons kwa leseni, na visanduku vyake bado vimefungwa.

Dhoruba ya karibuni ilitoka Washington. Aprili 2025 serikali ya Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa nyingi za China hadi asilimia 145, kabla ya kuushusha hadi 30 mwezi uliofuata. Kwa wachapishaji wa michezo ya mezani, ambao kwa sehemu kubwa hutengeneza bidhaa zao China, wiki hizo chache zilikuwa za mashaka makubwa, na baadhi yao walikwenda mahakamani.

Je, kisheria ni kamari? Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba visanduku vya bahati katika baadhi ya michezo ya kompyuta vilikiuka sheria yake ya kamari. Visanduku vya kushikika kwa mkono vimepona. Huko Marekani, wanunuzi wa kadi za kukusanya waliwahi kuwashtaki watengenezaji kwa hoja hiyo hiyo, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikawajibu kwamba aliyelipia pakiti ya kadi amepata pakiti ya kadi. Kuvunjika moyo kwa kukosa ile adimu si hasara ya mali. Hoja hiyo ina mantiki ya kisheria. Sidhani kama jaji yeyote angethubutu kumweleza hivyo mtoto aliyepata panya wawili.

Mzazi asiyependa bahati nasibu hana haja ya kupiga marufuku mchezo. Maduka mengi hufungua visanduku na kuuza sanamu moja moja. Panya huuzwa kwa bei ya chini na joka kwa bei ya juu, lakini bei iko wazi. WizKids yenyewe, tangu 2017, huuza sanamu zisizopakwa rangi katika pakiti ambamo kilichomo kinaonekana. Kampuni ya Reaper ya Texas ilichangisha zaidi ya dola milioni tatu kwa umma mwaka 2012 ili kutengeneza sanamu za plastiki za namna hiyo. Zipo pia picha za karatasi ngumu zinazosimamishwa juu ya kitako, na vifuniko vya soda havijawahi kumkatalia mtu kuwa zimwi. Kitabu cha mchezo hakimlazimishi mchezaji kuwa na sanamu hata moja.

Mpwa wangu amechagua njia ya kati. Panya mmoja amebadilishana na rafiki yake, na joka tumekubaliana kulinunua peke yake, dukani, likiwa mezani mbele yetu. Ule upanga uliopinda tuliutia katika kikombe cha maji ya moto, tukaunyoosha kwa vidole, tukauzamisha upesi katika maji baridi. Umenyooka, ingawa askari mwenyewe sasa anaegemea kidogo upande wa kushoto.