Kupanga Alama Bila Kupoteza Majina

Katika daftari la mwalimu, kila alama ina mwenyewe. Kompyuta haina budi kuelezwa jambo hilo waziwazi, la sivyo itapanga alama vizuri na kuwasahau wanafunzi. Tulitazame suala hili kwa kutumia lugha ya programu iitwayo PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa kwa umma mwaka 1995. Programu za lugha hii hufanya kazi hasa katika seva, yaani kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine.

Orodha katika PHP tutaiita safu. Kila kilichomo ndani ya safu kina ufunguo na thamani. Katika mfano wetu, jina ni ufunguo na alama ni thamani: Asha 67, Juma 82, Neema 67, Baraka 9.

Tukitoa amri ya sort, tutapata 9, 67, 67, 82. Mpango ni sahihi, lakini majina yamefutwa, na mahali pake pamewekwa namba 0, 1, 2 na 3. Tukitoa amri ya asort, kila jina hubaki na alama yake: Baraka 9, Asha 67, Neema 67, Juma 82. Amri ya arsort huanza na alama kubwa, na ksort hufuata majina.

Je, kati ya Asha na Neema waliolingana, nani atangulie? Kabla ya toleo la 8.0, lililotoka mwaka 2020, PHP haikutoa ahadi yoyote. Tangu hapo, waliolingana hubaki katika mfuatano waliokuwa nao mwanzoni.

Ipo hatari nyingine. Kwa kawaida PHP hulinganisha namba kwa ukubwa wake. Lakini ikiamriwa kwa SORT_STRING, huzilinganisha kama maneno ya kamusi, tarakimu baada ya tarakimu. Hapo 9 huwa mbele ya 82, kwa sababu 9 huizidi 8. Tukianza na kubwa, Baraka atatangazwa wa kwanza na Juma wa pili!

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua amri, mwanafunzi ajiulize: Je, ninapanga kwa ufunguo au kwa thamani? Je, ufunguo ubaki? Je, ninalinganisha namba au maneno? Kompyuta haitamsahihisha, kwani hutii amri iliyopewa, hata kama si ile iliyokusudiwa.

Zoezi: Panga 100, 25 na 7 kama namba, kisha kama maneno. Eleza tofauti.